Sofu Hakuna Bahari, Ila Nauza Vifaa vya Boti: Mzigo Uchukue kwa Mtaalamu wa Pwani au Duka Kubwa?



Leo naongea na wewe unayeuza bidhaa za kitaalamu kwa simu wakati wewe mwenyewe sio mtaalamu wa hizo bidhaa. Mimi ni mmoja wenu. Nakaa Sofu, hapa Kibaha. Nikifungua mlango naona mikorosho na bodaboda, bahari siioni. Lakini wateja wangu wengi ni wavuvi na wenye boti wa Bagamoyo, Kisiju, Nyamisati na Mafia. Wananitumia meseji, naenda mjini kutafuta mzigo, napaki, natuma. Wao wanaokoa nauli na siku ya kazi, mimi nabaki na faida yangu.

Swali ninaloulizwa sana inboksi ni hili: mzigo wa namna hii unachukua wapi? Kwenye duka kubwa lenye matawi na bei ya kwenye kibandiko, au kwa hawa wataalamu wadogo wa pwani, fundi boti, fundi mashine, mwenye kibanda cha nyavu na kamba?

Kabla sijajibu, nikusimulie kosa langu mwenyewe.

KAMBA ILIYOELEA

Mwaka wangu wa kwanza nilipata oda ya kamba ya nanga. Nikaingia duka moja kubwa la vifaa, nikakuta bando zuri la kamba, inang'aa, nene, bei chini kuliko yote niliyoulizia. Nikamuuliza kijana wa dukani, "Hii inafaa kwa boti?" Akaniambia, "Inafaa dada, kamba ni kamba." Nikachukua, nikatuma.

Baada ya wiki mbili mteja akanipigia. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema, "Dada, kamba yako inaelea."

Sikuelewa. Akanielewesha taratibu. Usiku walitia nanga wakalala. Maji yaliposimama kamba ikalegea, na badala ya kuzama ikapanda juu ikawa imetandaa usoni mwa maji. Boti nyingine ikapita na mashine, propela ikaikata. Wao wakaamka wanaelekea kwenye mwamba. Walipiga makasia mpaka wakatoka. Nanga ilibaki chini, uvuvi wa siku mbili ukapotea. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini kwenye boti ile kulikuwa na watu wanne.

Nilirudisha hela yote. Kisha nikapanda gari kwenda Bagamoyo kumwona mzee mmoja anayeunda na kukarabati vyombo. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza. Akacheka kidogo, akachukua vipande viwili vya kamba akavitupa kwenye ndoo ya maji ya bahari. Kimoja kikaelea, kimoja kikazama.

"Hii inayoelea ni ya plastiki, polipropilini," akasema. "Ifungie maboya ya nyavu. Hii iliyozama ni nailoni. Inavutika kidogo wimbi likipiga, haikatiki kwa kishindo. Hii ndiyo ya nanga. Na mwisho wake pale chini unafunga kipande cha mnyororo, kwa sababu matumbawe yanakata kamba yoyote."

Dakika tano tu. Yule kijana wa dukani hakunidanganya kwa makusudi. Anauza sabuni, ndoo, kamba na viti. Hajawahi kulala kwenye boti, na mimi pia sijawahi. Kwa hiyo pale dukani tulikuwa watu wawili tusiojua, na aliyelipia kutojua kwetu ni mtu wa tatu aliye baharini.

DUKA KUBWA KWETU NI LIPI?

Tuelewane kwanza. Marekani wana kampuni kama West Marine, iliyoanza California mwaka 1968, ambayo kazi yake ni vifaa vya boti peke yake na ina matawi mji kwa mji. Huko mtu akisema duka kubwa, bado anaongelea watu wanaojua boti. Kwetu sisi duka kubwa maana yake ni supamaketi, au duka kubwa la vifaa vya ujenzi lenye matawi, au muuzaji wa jumla wa Kariakoo anayeuza kila kitu, au tovuti ya nje unayoagizia mzigo. Boti kwao ni kona moja ya rafu.

Hilo halimaanishi duka kubwa ni baya. Twende kwa haki.

DUKA KUBWA LINASHINDA WAPI

1. Vitu ambavyo ni vilevile popote. Oili ya 2T yenye nembo na lakiri yake, tochi, betri, turubai, madumu, glavu, brashi za rangi. Chupa ya oili haibadiliki kwa sababu imeuzwa na fundi. Hapa nunua penye bei nzuri.

2. Risiti. Duka kubwa linakupa risiti ya EFD bila kubembeleza. Ukiwa na biashara iliyosajiliwa TRA unaihitaji, na kwa sheria mnunuzi naye anatakiwa kudai risiti.

3. Bei iliyoandikwa na mzigo wa kutosha. Ukitaka madumu 40 leo, unayapata leo. Fundi atakwambia "njoo kesho", na kesho yupo msibani. Tusidanganyane, hili nalo linatukosesha wateja.

4. Huhitaji kujuana na mtu. Kwa wataalamu wadogo bei inategemea unavyoonekana. Siku ya kwanza nilipigwa bei ya mgeni, na wewe jiandae.

MTAALAMU WA PWANI ANASHINDA WAPI

Hapa ndipo mambo yalipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, kuna vitu duka kubwa halinavyo kabisa. Mwenye jahazi, mashua au ngalawa ya mbao anahitaji pamba ya kalafati ya kuziba nafasi kati ya mbao, sifa ya kupaka mbao, na deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa kwa ajili ya kupaka chini ya chombo. Kuna kitambaa cha tanga, na kuna mtu wa kulishona tanga lenyewe. Ukiingia supamaketi ukaulizia deheni watakuelekeza kwenye rafu ya mafuta ya kula.

Pili, tofauti ndogo zinazozamisha. Nikupe mifano minne ambayo nilifundishwa na wataalamu, na kila mmoja ungeweza kuniletea kesi kama ile ya kamba:

PLAGI. Mashine nyingi ndogo za boti zinatumia plagi ya NGK B7HS au B7HS-10. Ile 10 mwishoni inaonyesha uwazi wa kwenye ncha ni milimita 1.0. Sasa kuna nyingine inaitwa B7ES. Kwa macho zinafanana kama pacha. Ila H maana yake uzi wa kufungia una urefu wa milimita 12.7, na E ni milimita 19. Ukifunga ndefu kwenye mashine ya plagi fupi, inaingia ndani ya silinda zaidi ya milimita 6, na pistoni inaweza kuigonga. Herufi moja tu, mashine imekufa. Fundi mashine anaulizia mashine ni aina gani kabla hajashika plagi. Duka kubwa linauliza unataka ngapi.

MISUMARI. Ile inayong'aa vizuri ukaipiga picha ikapendeza mara nyingi imepakwa zinki kidogo sana juu juu. Kwenye maji ya chumvi kutu haichelewi. Msumari wa boti ni ule wa kijivu, umefifia, una mikwaruzo kama ya nta, kwa sababu umechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Mteja wa mtandaoni atachagua unaong'aa. Kazi yako ni kumwambia.

CHUMA CHA PUA. Kuna namba 304 na namba 316. Ile 316 ina madini ya molibdenamu yanayosaidia chuma kuhimili chumvi. Wengine wanajidai kupima kwa sumaku. Sumaku haikusaidii, kwa sababu zote mbili kwa kawaida hazishikwi na sumaku au zinashikwa kidogo sana. Unaangalia maandishi, au unamwamini anayekuuzia. Ndiyo maana inabidi awe mtu wa kuaminika.

JAKETI OKOZI. Hapa naomba uache utani. Jaketi lina namba ya nguvu ya kuelea, inaandikwa kwa N. Lenye 50 N ni msaada kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Lenye 100 N ni la maji yaliyotulia. Kwenda bahari kubwa ni 150 N. Na lina kipimo cha kilo za mwili, la mtoto sio la mtu mzima. Lile la rangi nzuri la kuchezea kwenye bwawa la kuogelea halina kazi kwenye mkondo wa Mafia. Kumbuka pia TASAC ndio wanaokagua usalama wa vyombo vya majini upande wa Bara, na Zanzibar ni ZMA. Mteja wako akikaguliwa akaambiwa jaketi halifai, atakutafuta wewe.

Tatu, mtaalamu anajua majira, na majira ni mauzo. Hili sikulitegemea kabisa. Nilikuwa naposti rangi ya boti siku yoyote ninayojisikia. Fundi wangu akaniuliza, "Kwa nini unatangaza rangi wakati wa maji mafu?" Kumbe vyombo vingi vinapandishwa pwani kukarabatiwa wakati wa bamvua, pale maji yanapojaa sana na kutoka sana, kwenye mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Chombo kinaingia na maji makubwa, maji yakitoka kinabaki pakavu, watu wanakwangua, wanapiga kalafati, wanapaka. Bamvua inakuja kila baada ya kama wiki mbili. Sasa naposti pamba, rangi na brashi siku nne au tano kabla, ili mzigo uwahi. Posti ni ileile, hela ni ileile ya bando, ila meseji zinaingia.

Nne, anabaki. Shoprite waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, na Nakumatt wenyewe baadaye wakafunga. Uchumi walifunga 2015. Jumia walisitisha huduma hapa nchini Novemba 2019. Game walifunga 2022. Sisemi walikuwa wabaya, biashara ni hesabu. Ila ukiwa umejenga biashara yako juu ya rafu ya mtu mmoja mkubwa, akiondoka anaondoka na garantii zako. Mzee wangu wa Bagamoyo alijifunza kazi kwa baba yake, na mwanawe anashika randa sasa hivi.

HESABU YENYEWE

Watu wanaangalia bei ya kununulia tu. Tuchukulie mfano wa kamba, namba ni za mfano.

Duka kubwa: unanunua bando kwa 60,000, unauza 80,000. Faida 20,000.
Mtaalamu: unanunua 85,000, unauza 100,000. Faida 15,000.

Kwa macho duka kubwa limeshinda. Sasa uza kumi. Tuseme tatu za duka kubwa zimerudi kwa sababu hazikufaa, na wewe ni muungwana, unarudisha hela. Saba zilizobaki zimekupa 140,000. Zile tatu umepoteza 60,000 kila moja, jumla 180,000. Uko hasi 40,000, na hapo hatujaweka nauli ya mzigo kwenda na kurudi.

Kwa mtaalamu, tuseme moja imerudi, akakubadilishia, wewe ukalipa usafiri 10,000. Kumi zimekupa 150,000, toa 10,000, unabaki na 140,000. Na wateja kumi bado wana namba yako.

Hesabu hii inageuka ukiuza vitu visivyorudi. Madumu hayarudi. Kwa madumu, nenda kwa mwenye bei ya chini bila kujisikia vibaya.

NINAVYOGAWA MIMI

Kabla ya kununua najiuliza maswali matatu:

1. Hiki kikiharibika baharini, mtu anapata usumbufu au anapata hatari? Kama ni hatari, naenda kwa mtaalamu.
2. Kuna aina zinazofanana kwa macho ila kazi tofauti? Kama zipo, mtaalamu.
3. Kina nembo na lakiri, na ni kilekile popote? Kama ndiyo, naenda penye bei nzuri na risiti.

Kwa hiyo kamba ya nanga, plagi, impela ya pampu ya maji, misumari, mati ya faiba na resini, majaketi: wataalamu. Resini hasa, kwa sababu ina muda wa kuisha na ikikaa sana kwenye joto inaganda ndani ya ndoo. Anayeiuza kila wiki ana mpya, na anakuuzia pamoja na hadena yake kwa kipimo. Oili, turubai, tochi, madumu, glavu: duka kubwa.

NAMNA YA KUISHI NA WATAALAMU

Usimfanye mtaalamu kuwa gugo ya bure. Kuna wenzetu wanaenda kumuuliza fundi maswali nusu saa, halafu wananunua kwingine. Atakuvumilia mara moja. Ya pili atakwambia hajui.

Lipa kwa wakati. Mimi sasa hivi napewa mali kauli: nachukua mzigo kwa neno langu, nauza, narudisha hela siku tuliyokubaliana. Duka kubwa halikupi mali kauli hata ukilia. Kwa mtu wa mtaji mdogo, hii peke yake inaweza kuwa sababu tosha. Ila ukichelewesha hela bila kupiga simu, umemaliza kila kitu, maana pwani habari zinasafiri haraka kuliko boti.

Na wewe mwambie ukweli kuhusu mapungufu yake. Nilimwomba fundi wangu aniandikie orodha ya bei kila mwezi, na kama hatoi risiti, tununue pamoja kwa muuzaji wake anayetoa. Alikubali. Wengi wanakubali ukiongea nao kwa heshima.

Usimwamini kwa kila kitu pia. Mtaalamu naye ana mzigo wake anaotaka uishe. Akikusifia kitu, uliza fundi wa pili. Wakisema kimoja, chukua. Wakipishana, waulize kwa nini, hapo ndipo utajifunza.

Na akikuletea nyavu za bei ya kutupa, simama. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki na makokoro zimekatazwa chini ya Kanuni za Uvuvi za 2009. Kabla hujaposti wavu wowote, mwonyeshe afisa uvuvi wa eneo picha na ukubwa wa matundu. Mzigo ukikamatwa, aliyeutangaza kwa namba ya simu ni wewe.

MWISHO, GEUZA UNACHOFUNDISHWA KIWE POSTI

Lile jaribio la ndoo nililirudia nyumbani hapa Sofu kwa beseni na maji ya chumvi ya jikoni. Vipande viwili vya kamba, simu, sekunde 30. Nikaandika: "Hii ya maboya, hii ya nanga. Usichanganye." Hiyo ndiyo posti iliyoniletea wateja wengi kuliko zote nilizolipia tangazo. Wa kwanza kuandika alikuwa yule mteja wa kamba iliyoelea. Aliandika, "Sasa umejua. Nitumie ile inayozama, na mnyororo wake."

Huuzi vifaa vya boti? Sawa. Weka spea za pikipiki, mbegu, dawa za mifugo, vifaa vya umeme. Maswali ni yaleyale matatu. Tafuta mtu mmoja anayeijua bidhaa yako kwa mikono yake, nenda ukakae naye siku moja kabla ya kununua mzigo unaofuata. Nauli ya siku hiyo iweke kwenye mtaji.

Wewe unauza nini, na nani alikufundisha tofauti ambayo kwa macho haionekani? Tuandikie hapo chini, mwenzako ajifunze.